Patroni anasema mstari wa kijani maana yake dawa haina madhara: je, ni kweli?

Jambo Mama Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, ninakaa Kilobelobe, pembezoni mwa Lubumbashi, na sasa nina mimba ya miezi mitano. Mume wangu ni kibarua katika shamba la nyanya na kabichi lililo upande wa mto Kafubu. Hana mkataba ulioandikwa. Hulipwa jioni, na siku asiyokwenda halipwi. Tangu mvua zianze kazi yake imekuwa moja tu, kupulizia dawa ya mildiu, yaani ukungu unaoshika majani, kwa sababu patroni anasema nyanya zisipopuliziwa wakati huu ukungu utaunguza shamba zima. Wanapuliza kila baada ya siku tano au sita, na mvua ikiosha majani wanarudia.

Dawa hiyo ni unga wa rangi ya manjano. Mume wangu huumimina ndani ya ndoo kwa mikono mitupu na kuukoroga kwa mkono mpaka kwenye kiwiko, kwa kuwa anasema kijiti huacha madonge. Kisha hujaza pompi ya mgongoni, ambayo mfuniko wake unavuja, na kile kitundu cha mbele kikiziba hukipuliza kwa mdomo. Siku nyingine wanachanganya humo humo dawa ya wadudu, ambayo patroni huinunua sokoni ikiwa imetiwa katika chupa ya maji ya plastiki isiyo na maandishi yoyote.

Akirudi nyumbani shingo na mgongo vinamwasha na macho yamekuwa mekundu. Zile siku za mchanganyiko ni mbaya zaidi: kichwa kinamgonga, mate yanamjaa mdomoni, anasema anaona kama kuna ukungu mbele yake, mikono inamtetemeka na hulala bila kula. Nilimpeleka mara moja kwenye kituo cha afya, wakampa dawa za malaria bila kumwuliza anafanya kazi gani. Mimi ndiye ninayefua nguo zake, katika beseni lile lile la nguo za watoto, na tangu mwezi uliopita mikono yangu imetoka vipele.

Nikimwambia aache, ananijibu kwamba amezoea, kwamba hufunga kitambaa puani, na kwamba kila jioni hunywa maziwa ili kutoa sumu mwilini. Patroni naye alimwonyesha pakiti ya ule unga, iliyotoka Zambia na kuandikwa kwa Kiingereza, akamwambia kwamba mstari wa kijani ulio chini yake unamaanisha dawa hiyo haina madhara, inaua ukungu na siyo watu. Jirani yangu anasema dawa hizo huharibu mimba. Nani kati yao anasema kweli? Siwezi kumwambia aache kazi, kwa maana kodi ya nyumba na minervali, yaani karo ya shule ya watoto, zinatoka humo.

Mama wa Kilobelobe

*

Mama wa Kilobelobe,

Nianze na jambo unaloweza kulibadilisha leo hii, kabla mume wako hajarudi: acha kufua nguo hizo. Vipele vya mikononi siyo dalili kwamba mtoto ameshadhurika, na nakuomba usilale na hofu hiyo. Vinaonyesha kitu kimoja tu, kwamba dawa ya shambani huenda inafika kwenye ngozi yako wewe ambaye hujawahi kushika pompi. Huko Kosta Rika, ambako ndege hupulizia dawa ya ukungu juu ya mashamba makubwa ya ndizi, watafiti walipima mkojo wa wajawazito waliokaa jirani na mashamba hayo, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2014 walieleza kwamba mabaki ya dawa yalikuwa juu zaidi kwa wanawake waliokuwa wamefua nguo za kazi za shambani siku moja kabla ya kupimwa. Kwa hiyo nguo hizo azivue mume wako mwenyewe, kule kule shambani ikiwezekana, azitie katika mfuko wa plastiki, na azifue yeye akiwa amevaa glavu, katika beseni ambalo halitatumika tena kwa nguo nyingine wala kwa chakula. Kwanza azisuuze kwa maji mengi, ndipo azifue kwa sabuni na kuzianika juani, na maji machafu yamwagwe mbali na kisima na mbali na bustani ya mboga. Kama hana mahali pa kubadilishia nguo shambani, basi abadilishe uani na kuoga kabla hajambeba mtoto yeyote.

Sasa tuje kwenye mstari wa kijani. Patroni hakuubuni, mstari huo upo na una maana yake, lakini maana yake siyo ile aliyompa mume wako. Katika nchi nyingi za kusini mwa Afrika vifungashio vya dawa za shamba huwekwa rangi kufuatana na madaraja ya sumu yaliyopangwa na Shirika la Afya Duniani: nyekundu ni sumu kali kabisa, halafu manjano, halafu buluu, na kijani mwisho. Madaraja hayo hujibu hasa swali moja, yaani ni kiasi gani cha dawa kinachoweza kuua kikimezwa au kikipita kwenye ngozi kwa mara moja au kwa muda mfupi, na kipimo chake hutokana na majaribio ya panya. Dawa ya kijani ni ile ambayo haielekei kumwangusha mtu siku ile ile. Kibarua anayetumbukiza mkono wake ndani ya ndoo kila wiki, msimu wa mvua hadi msimu wa mvua, hayumo katika swali hilo, wala mtoto aliye tumboni hayumo.

Tena mwombe mume wako aitazame pakiti hiyo kwa mara nyingine. Kwa kawaida ndani ya mstari huo huo wa rangi huchapwa picha ndogo ndogo, zilizowekwa makusudi kwa ajili ya asiyejua kusoma au asiyejua lugha iliyoandikwa: mikono yenye glavu, viatu vya mpira, uso uliofunikwa, bomba la maji ya kunawa. Mtengenezaji asingehangaika kuzichora kama dawa isingekuwa na madhara. Ni ajabu kidogo kwamba patroni aliiona rangi asizione picha.

Unga wa manjano unaotumiwa kuzuia mildiu kwenye nyanya na viazi, kwa jinsi ulivyoueleza, unafanana sana na mankozebu, ambayo huuzwa kwa majina mengi ya biashara na mara nyingine huchanganywa na dawa nyingine iitwayo metalaksili. Ili kuwa na hakika, mume wako asome maandishi madogo chini ya jina kubwa la pakiti. Hapo huandikwa kiini cha dawa, kwa herufi hizi: mancozeb. Akikuta chlorothalonil, ajue kwamba hiyo ni kali zaidi kwa macho na kwa ngozi. Akikuta dawa ya shaba asifurahi upesi: sisi wa mji huu tumezoea kuiona shaba kama mali, lakini mwaka 1969 madaktari wa Ureno walieleza ugonjwa wa mapafu waliouona kwa watu waliopulizia mizabibu mchanganyiko wa shaba na chokaa kwa miaka mingi.

Mankozebu inafanya nini mwilini? La kwanza ni lile mnaloliona tayari, kuwasha kwa ngozi, macho na koo, na kwa baadhi ya watu ngozi huikataa dawa hiyo kabisa, hata mguso mdogo baadaye unaamsha vipele upya. La pili halionekani. Dawa hiyo ikivunjika, ndani ya mwili au ikikaa mahali penye joto na unyevu, hutoa kitu ambacho wataalamu hukiita kwa kifupi ETU, na kitu hicho huzuia tezi ya shingo kutengeneza homoni zake. Ndiyo tezi ile ile inayovimba na kuwa rovu kwa mtu aliyekosa madini ya joto. Mtoto katika miezi ya mimba anazihitaji sana homoni hizo kwa ajili ya kukua kwa ubongo, na mwanzoni huzitegemea za mama yake. Umoja wa Ulaya uliiweka mankozebu katika kundi la dawa zinazoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na mwezi wa Desemba 2020 ulikataa kuongeza muda wa kibali chake. Kwa hiyo jirani yako yuko karibu na ukweli kuliko patroni, ingawa amezidisha: dawa hii haiharibu kila mimba inayokaribiana nayo. Hatari hupanda kadiri kiasi kinachoingia mwilini kinavyopanda, na ndiyo sababu kupunguza kiasi hicho, hata katikati ya mimba, kuna faida.

Hata hivyo, ukiniuliza ni kitu gani katika barua yako kilichonitisha zaidi, siyo ule unga. Ni ile chupa ya maji.

Mate kujaa mdomoni, macho kuona ukungu, kichwa kuuma, mikono kutetemeka: dalili hizo zikija pamoja baada ya kupulizia dawa ya wadudu, mtu anapaswa kufikiria kwanza jamii ya dawa ziitwazo organofosfati. Hizo huzuia kimeng'enya kinachozipa neva nafasi ya kupumzika baada ya kutuma ujumbe, kwa hiyo tezi za mate na jasho, matumbo na misuli huendelea kufanya kazi bila kutulizwa. Mwili huchukua wiki kadhaa kukirudisha kimeng'enya hicho kikamilifu, na anayepuliza tena kabla ya hapo huanza siku akiwa tayari amepungukiwa. Ndiyo maana lile neno la mume wako, kwamba amezoea, siwezi kulikubali. Katika sumu hizi mtu hazoei, bali anakaribia kiasi kitakachomwangusha. Mtetemeko na kuona ukungu ni dalili za kutosha za kuacha kushika dawa ya wadudu mara moja, mpaka achunguzwe na daktari. Kupulizia ile ya ukungu anaweza kuendelea akijikinga, lakini ile ya chupa aikatae, na nina sababu moja ambayo hata patroni hawezi kuipinga: hakuna anayejua iliyomo, hata yeye mwenyewe. Chupa ya maji isiyo na maandishi inaweza kunywewa na mtoto wa mtu yeyote.

Ikitokea siku akarudi anatoa jasho jingi, anatapika, anapumua kwa shida, misuli inamchezacheza au vitone vyeusi vya katikati ya macho vimekuwa vidogo kama ncha ya sindano, usisubiri asubuhi. Mvueni nguo, mwosheni mwili mzima kwa maji mengi na sabuni, na anayemwosha avae glavu au mifuko ya plastiki mikononi, tena asiwe wewe. Macho yasafishwe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15 hivi. Msimlazimishe kutapika, msimpe maziwa wala mafuta, na mpelekeni hospitali kubwa siyo zahanati ya mtaani, mkiibeba ile chupa au pakiti iliyofungwa vizuri. Mlangoni semeni kabla hamjaulizwa: “Huyu anapulizia dawa shambani, na leo ametumia hii.” Dawa ya kupambana na sumu hiyo ipo, inaitwa atropini, lakini mganga anayefikiri ana mgonjwa wa malaria hatakumbuka kuitoa. Wale waliompa dawa za malaria siwalaumu sana, kwa sababu homa, kichwa na kutapika ndiyo habari ya kila siku katika kipindi cha mvua; lakini swali la kazi lilipaswa kuulizwa, na msipoulizwa lisemeni wenyewe.

Kuhusu maziwa: ni chakula kizuri, lakini hayatoi sumu hizi mwilini. Njia kubwa ambayo dawa humwingia mpulizaji ni ngozi, na maziwa yanayopita tumboni hayaendi kuisafisha. Kitambaa cha puani nacho kina ubaya wake, maana kikilowa dawa hukaa kinaigandamiza mdomoni na puani kwa saa nzima. Barakoa ina kazi hasa pakiti inapofunguliwa na vumbi kuruka, na hapo heri mtu asimame upepo ukimtoka mgongoni na kumimina unga taratibu karibu na maji.

Ngozi, basi. Mikono hupokea sehemu kubwa, na saa ya hatari zaidi ni ile ya kuchanganya, kwa kuwa dawa bado haijapunguzwa na maji. Mkono unaokoroga mpaka kwenye kiwiko unapokea kwa dakika chache dawa nzito kuliko itakayomrukia kutoka kwenye majani. Kijiti kirefu hakiachi madonge kama unga utalainishwa kwanza kwa maji kidogo, ndipo maji mengine yaongezwe. Baada ya mikono ni mgongo, kwa ajili ya ule mfuniko unaovuja. Kiraka cha mpira cha kuuzibia ni kitu cha bei ndogo, lakini mgongo ulioloa hutiririsha dawa mpaka kiunoni na chini yake, na ngozi ya sehemu za siri, nisamehewe kuitaja gazetini, hupitisha sumu upesi mara nyingi kuliko ngozi ya mkono. Vivyo hivyo mikono isiyooshwa kabla ya kwenda haja ndogo. Hicho kitundu kilichoziba kisafishwe kwa maji na mswaki mkuukuu, mdomo usikiguse kamwe. Glavu ziwe za mpira mgumu wa nitrile zinazofika kwenye mkono wa juu; zile za ngozi hunywa dawa na kuihifadhi. Kipande cha turubai la plastiki kati ya pompi na mgongo, suruali iliyoshushwa nje ya viatu vya mpira ili dawa isitiririkie ndani, bidoni la maji safi na sabuni kando ya shamba: hayo yote kwa pamoja hayafikii gharama ya dawa inayomwagika kwa sababu ya mfuniko mbovu, nami ningemshauri mume wako alianze shauri kwa patroni na hoja hiyo ya fedha kabla ya hoja ya afya.

Hoja nyingine ya fedha ni kupuliza mara chache zaidi. Mildiu hupenda majani yanayokaa yameloa, kwa hiyo nyanya zilizopandwa kwa nafasi, zikainuliwa juu ya miti, zikapunguzwa majani ya chini yanayogusa udongo, na mche unaougua ukang'olewa na kupelekwa mbali, hukauka upesi baada ya mvua na hazidai dawa kila baada ya siku tano. Hilo linamfaa patroni na linaufaa mwili wa mume wako. Kurudia kupuliza saa ile ile mvua inapokatika, majani yakiwa bado yanachuruzika, ni kutupa dawa chini, tena mpulizaji hupita katikati ya mistari akiloa mapaja.

Patroni akikataa? Afadhali vibarua waende pamoja kuliko mume wako peke yake, maana kibarua mmoja hubadilishwa asubuhi. Wajue pia kwamba kukosa karatasi siyo kukosa haki. Kanuni ya kazi ya nchi yetu, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inasema kwamba mtu anayeajiriwa siku kwa siku akishatimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, akaajiriwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, huhesabiwa kuwa na mkataba wa muda usio na kikomo. Mwajiri wake hapo anawajibika kumlinda kazini na kumhudumia matibabu, yeye na familia yake, na hifadhi ya jamii, yaani CNSS, inahusika na magonjwa yatokanayo na kazi. Mume wako aanze kuandika katika daftari siku anazofanya kazi, dawa aliyopuliza na jinsi alivyojisikia jioni. Ofisi ya ukaguzi wa kazi ipo hapa mjini. Sikufichi kwamba mtu akienda huko mapema mno anaweza kupoteza kibarua kabla faili halijafunguliwa, na kwa hiyo mimi ningeanza na glavu, mfuniko na ile chupa, na ofisi ningeiacha kwa siku ambayo patroni atakataa hata hivyo vitatu.

Kama kuna kijana wa chini ya miaka 18 anayechota maji na kuchanganya dawa pamoja nao, huyo asisubiri mazungumzo yoyote. Kazi hiyo sheria inamkataza, na mwili unaokua hudhurika upesi zaidi.

Nyanya anazopewa kuleta nyumbani zioshe kwa maji mengi kabla ya kuzipika, kwa maana mankozebu iliyobaki juu ya ganda, ikipata moto, sehemu yake hugeuka kuwa ETU. Zile zilizochumwa siku moja au mbili baada ya kupuliziwa msizile. Idadi ya siku za kungoja huandikwa kwenye pakiti. Pakiti tupu isiletwe nyumbani kuhifadhia chumvi au unga.

Utakapokwenda kupimwa mimba, mwambie mkunga mambo matatu: kwamba umekuwa ukifua nguo zenye dawa ya ukungu, jina la dawa lililosomwa kwenye pakiti, na kwamba mikono imetoka vipele. Mwombe akuangalie shingo, na kama kuna uvimbe aagize kipimo cha damu cha homoni za tezi. Tumia chumvi yenye madini ya joto, na iwekwe katika chombo chenye mfuniko, siyo wazi karibu na jiko. Vipele visipopungua baada ya wiki mbili za kutogusa nguo hizo, rudi kwa mganga, kwa kuwa hapo itabidi kutafuta sababu nyingine, labda sabuni yenyewe.